Karatasi ya zamu haihitaji umeme

Mtu wa Lubumbashi anayefanya kazi ya usingizi Marekani, yaani ya kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, akipiga simu nyumbani, swali la kwanza analoulizwa huwa ni la mashine. Kila meza ina kapnografu, ile mashine ya kupima kaboni dioksidi kwenye pumzi ya mgonjwa? Laringoskopu za kamera, za kutazamia koo, mnazo ngapi? Maswali ya haki kabisa, na majibu yake huumiza moyo. Lakini sisi tulio huku tumezoea kusifia vyuma tukasahau karatasi. Kinachoifanya bloku ya upasuaji ya huku itembee saa 9 usiku sawasawa na saa 3 asubuhi ni, kwa sehemu kubwa, asistanti, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa mwisho, aliyepewa kwa maandishi mamlaka ya kuwapanga wenzake. Ni asistanti mkuu. Kama ni kuleta kitu kimoja tu Lubumbashi, ningeleta cheo hicho kabla ya mashine yoyote. Hata ushuru wa mpakani Kasumbalesa hakilipiwi.

Mafunzo ya udaktari wa usingizi Marekani ni miaka 4: mmoja wa tiba ya jumla, mitatu ya usingizi wenyewe. Kwenye tiba ya ndani, asistanti mkuu mara nyingi hubaki mwaka wa ziada akiwa amekwisha kumaliza masomo. Kwenye usingizi sivyo. Kwa kawaida ni mtu wa mwaka wa mwisho ambaye bado anashika bomba la koo kila asubuhi, na ratiba anaiandika jioni. Programu kubwa huwa na wawili, watatu, hata wanne, na hugawana: mmoja zamu, mwingine masomo, mwingine wageni wanaoomba nafasi. Wenzao huwapigia kura, mkurugenzi wa mafunzo huidhinisha, na hukabidhiwa kiti Julai, mwaka wa masomo unapoanza. Mwezi huohuo wanaingia wapya wasiojua hata silinda inafunguliwa upande gani. Kazi ya kwanza ya mkuu ni kumpangia kila mgeni mkubwa mmoja wa kukaa naye chumba kimoja wiki za mwanzo. Akikosea hapo, akawaacha wageni wawili kwenye korido moja bila mtu mzima karibu, mwezi mzima utanuka.

Ratiba ndiyo moyo wa kazi, na ina utaratibu wake. Huanzi na majina, unaanzia na nafasi: uzazi, watoto, wagonjwa mahututi, dharura ya usiku. Kila nafasi inaandikiwa kiwango cha chini cha mtu anayeweza kuishika peke yake hadi mkubwa afike. Halafu yanaingia maombi ya likizo, ambayo lazima yawe yameletwa kabla ya tarehe fulani. Baada ya tarehe hiyo si ombi tena, ni kubadilishana. Tatu, wikendi na sikukuu. Usiku wa kawaida unajazwa mwisho kwa sababu ndio rahisi. Mtu aliyelala kazini anafutiwa siku inayofuata hapohapo kwenye karatasi, kwa mstari mwekundu, asije mtu akamwona "yupo" akampa chumba. Na kila usiku kuna jina la pili, la mtu wa akiba aliye nyumbani na simu wazi. Bila jina hilo, homa ya mtu mmoja inaangusha wiki nzima.

Ratiba nyingi huvunjikia kwenye kubadilishana. Wawili wanaelewana kwenye simu, kila mmoja anafurahi, na usiku wa Ijumaa unakuta dharura imeshikwa na wachanga wawili waliotoka shule juzi. Ndiyo maana kanuni ni fupi: wanaobadilishana wawe wa mwaka mmoja wa masomo, waandike, mkuu asaini. Bila saini, jina la zamani ndilo litakaloulizwa.

Juu ya kichwa chake kuna sheria. ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya Marekani, inataka saa zisizidi 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki 4, siku moja huru katika kila 7 kwa wastani huohuo, zamu isizidi saa 24 mfululizo na nyongeza ya saa 4 kwa makabidhiano na mafunzo, na kulala kazini kusizidi usiku mmoja katika kila 3. Daktari bingwa naye hasimamii zaidi ya vyumba viwili kwa wakati mmoja pale wanapofanya kazi asistanti. Kuna pia hesabu ya wagonjwa: kila asistanti amalize akiwa ameshika, miongoni mwa vingine, akina mama 40 wanaojifungua kwa njia ya kawaida na 20 wa upasuaji, ganzi 40 za uti wa mgongo, epidurali 40 (ganzi ya mgongoni inayopitishwa kwa mrija mwembamba), na watoto 100 wa chini ya miaka 12, ambao 20 wawe chini ya miaka 3 na 5 chini ya miezi 3. Mkuu mwerevu anafungua hesabu hizo kila baada ya miezi mitatu. Akiona mwenzake ana vichanga 2 na Juni inakaribia, anampeleka bloku ya watoto kabla hajalalamika.

Sasa nisiuze bidhaa bila kuonyesha kasoro yake. Cheo hiki huku kina ukatili wa kimyakimya. Mkuu hana mshahara wa kumkata mtu wala uwezo wa kumfukuza. Ana orodha tu, na wanaomo ni marafiki zake wa jana. Kura nayo huchagua mcheshi mara nyingi kuliko mwenye hesabu. Kosa la kawaida kuliko yote ni mkuu kuziba kila pengo kwa mwili wake mwenyewe kwa sababu anaona haya kuomba. Kufikia Februari anasinzia kwenye kiti cha bloku, na hakuna anayemshukuru, maana pengo lililozibwa halionekani.

Nyumbani mambo yako vingine. Usingizi mwingi wa Kongo hutolewa na wauguzi wa usingizi, wengi wao wamesomea ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, na daktari bingwa wa kazi hii ni nadra kiasi kwamba hospitali nzima inaweza kuwa na mmoja au isiwe naye kabisa. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi, WFSA, limependekeza angalau 5 kwa kila watu 100,000. Sisi hatufiki hata mmoja. Asistanti ni wachache, na ukubwa unajulikana bila kuandikwa: aliyetangulia promosheni, yaani darasa, ndiye anayeamua. Yaani mkuu tunaye tayari. Hana karatasi, hana muda wa mwisho, na hakuna anayejua madaraka yake yanaishia wapi.

Wapo watakaosema: ninyi mna watu wengi, sisi watatu tu, ratiba ya nini? Haya, tuhesabu kwa watatu. Siku 28, kila mmoja analala kazini kila usiku wa tatu: zamu 9 za saa 24, ambazo ni saa 216. Zinabaki siku 19. Tisa ni za kutoka zamu, 10 za kawaida. Katika hizo 10 toa nne za mapumziko. Sita zilizobaki kwa saa 8 ni 48. Jumla 264, wastani wa saa 66 kwa wiki. Sasa fanya kama desturi yetu, aliyelala kazini abaki hadi saa 9 alasiri: ongeza saa 8 mara 9, yaani 72. Unafika 336, saa 84 kwa wiki. Sheria ya Wamarekani imevunjwa na kitu kimoja tu, aliyekesha kutokwenda nyumbani. Mtu wa saa ya 30 ndiye anayevuta sindano ya bupivakaini, dawa ya ganzi, akidhani ni ya salini, maji ya chumvi tu.

Kumrudisha nyumbani aliyekesha kuna bei, na mkuu wa idara aambiwe waziwazi. Katika watatu, mmoja yuko zamu, mmoja ametoka, mmoja ni wa mchana. Siku nyingine huyo wa tatu naye amepumzika. Upasuaji wa kupangwa utapungua meza moja, au meza hiyo itashikwa na muuguzi wa usingizi, jambo ambalo kusema kweli linafanyika tayari.

Ugumu mkubwa zaidi haumo kwenye hesabu hiyo. Asistanti wa Marekani analipwa zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na akifanya kibarua cha nje saa hizo zinahesabiwa ndani ya zile 80. Asistanti wa kwetu wengi ndio wanaolipa ili wasome, na riziki wanaitafuta usiku kwenye kliniki za binafsi. Ratiba inayojifanya haioni hizo kliniki ni uongo wenye muhuri. Afadhali mkuu aulize mapema kila mmoja analala wapi siku gani, aandike kwa penseli pembeni, asimpe mtu bloku ya watoto asubuhi aliyotoka kwenye kibarua. Hatapata ukweli wote. Nusu yake inatosha kuanza.

Na wazee je? Asistanti mkuu wa miaka 32 hawezi kumwandikia zamu papa muuguzi aliyeanza kutoa ketamini, dawa ya usingizi, kabla yeye hajazaliwa. Akijaribu, ataitikiwa "ndiyo daktari" na hakuna kitakachofanyika. Hapa tusiige Marekani. Wauguzi waandikiwe zamu na mkubwa wao wenyewe, halafu wakuu hao wawili wakae kila Alhamisi na karatasi zao mbili mezani, watazame kila usiku una mikono gani. Usiku wenye asistanti mchanga upewe muuguzi mkongwe. Na uchaguzi wa asistanti mkuu usiwe wa kura tupu: asistanti wapendekeze wawili, wauguzi waseme neno lao, mkuu wa idara achague na aandike barua yenye tarehe ya mwisho.

Kuna kazi moja ambayo mkuu wa Marekani hana na wa Lubumbashi lazima awe nayo: ubao wa usiku. Huku oksijeni inatoka ukutani. Kwetu, saa 12 jioni, mtu wa zamu apime na kuandika. Silinda ya lita 10 yenye shinikizo la baa 150 ina lita 1,500 za gesi. Kwa lita 5 kwa dakika inakwenda saa 5, basi. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hutoa oksijeni ya karibu asilimia 90 hadi 95 mradi umeme upo na kichujio kimeoshwa. Umeme ukikatika haina akiba hata ya dakika moja, kwa hiyo silinda iwe imeunganishwa tayari, ufunguo ukiwa umefungwa kwa kamba kwenye shingo yake. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukilala muda mrefu, dawa inapungua nguvu bila kubadilika rangi, na mtu anakuja kuligundua hilo mgonjwa anapokataa kulegea taya. Ubaoni iandikwe saa ambayo friji ilizimika. Halafu dawa za kuinua presha na mapigo ya moyo, efedrini, adrenalini, atropini, mfuko wa kupulizia, mashine ya kufyonza iliyojaribiwa kwa maji, laringoskopu ya pili yenye betri. Hivi visisubiri familia ikimbie famasi na odonansi, karatasi ya dawa, mkononi: droo ya kwanza iwe ya bloku, na kilichotumika kirudishwe familia ikishanunua.

Aliyeandika ubao asaini. Ratiba itoke wiki 4 kabla, nakala tatu: mlangoni pa bloku, kwa mkuu wa wauguzi, na ya tatu kwa mlinzi wa geti, maana saa 8 usiku yeye ndiye anayejua nani ameingia na nani bado.