Mchoraji wa Hieronimo: abaki au atolewe?

Hieronimo, hakimu wa mfalme wa Hispania aliyeuliwa mwana, anamuuliza mchoraji kama anaweza kuchora kilio. Kisha anamwagiza: nichore nikikurupuka usiku na shati la kulalia, mwenge mkononi, nywele zimesimama, bundi analia, mwanangu ananing'inia mtini.

Hakuna onyesho linaloniganda zaidi katika The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, tanzia iliyowafungulia njia watunzi wa visasi Uingereza. Lakini Kyd alifariki 1594, na mchoraji huyu anaonekana mara ya kwanza katika toleo la 1602, kwenye nyongeza tano zenye mistari kama 320.

Nani kaziandika? Daftari la Philip Henslowe, mfanyabiashara wa maigizo wa enzi hizo, linaonyesha alimlipa mtunzi Ben Jonson shilingi 40 mwezi Septemba 1601 kwa nyongeza za tamthilia hii, ila mtindo haufanani na wake. Katika watafiti wa siku hizi, Brian Vickers alilinganisha vifungu vya maneno, Douglas Bruster akachunguza makosa ya uchapaji yanayoelekea kutokana na mwandiko; wote wakaishia kwa Shakespeare. Ushahidi wao una uzito. Shida ni kwamba jina hilo likishatajwa, mwongozaji gani atathubutu kuzikata nyongeza hizo?

Na kuna sababu ya kukata. Kyd mwenyewe alishamleta mzee Bazulto, baba mwingine aliyeuliwa mwana, akiwa na ombi lake la haki mkononi. Hapo Hieronimo anararua hati za wadai kwa meno. Mtu wa sheria anatafuna sheria! Mchoraji naye kauliwa mwana. Ukiwaweka wote wawili, kama toleo la 1602 linavyofanya, jambo lilelile linasemwa mara mbili. Wapo wahakiki wanaoshuku kwamba mchoraji aliandikwa achukue nafasi ya Bazulto, si kuongezwa juu yake.

Wanaomtetea mchoraji wana hoja: beti za Kyd zimepimwa mno, huzuni inatoka kama nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta, ilhali nathari ya mchoraji inagugumia kama mtu aliyefiwa kweli. Tena aliyetaka kilio kichorwe ndiye atakayejing'ata ulimi hadi ukatike mwishoni.

Kwenye kitabu nawataka wote. Jukwaani ningembakiza Bazulto na karatasi zake, kwa sababu Hieronimo, ulimi ukiwa umeshakatika, anaomba kwa ishara kisu cha kuchongea kalamu. Wanampa, wakidhani anataka kuandika. Anamchoma nacho nduguye mfalme, kisha anajichoma mwenyewe.