Redio ya Marehemu

Siku ya Simba na Yanga, ukifika mlangoni kwa uwanja usitamke neno "marehemu". Mimi nililitamka, Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, nikiwa nimekumbatia redio iliyofungwa kwa kanga.

Redio ilikuwa ya babu yangu, mzee wa Muheza, Simba wa kufa na kuzikwa. Ilikula betri kubwa nne, na zikichoka babu alizianika juu ya bati zipate nguvu. Antena ilivunjika zamani, mahali pake akachomeka waya wa shaba. Kazi ya kuunyanyua ule waya ilikuwa yangu. "Mke wangu, usishushe mkono!" Nikishusha kidogo tu, mtangazaji anapotelea kwenye mikwaruzo, na Simba ikifungwa wakati huo basi nimeifungisha mimi. Bibi akipita na ungo wake alikuwa ananionea huruma: "Mke mwenzangu, kipa kalala, lawama zako."

Babu alikuwa na hesabu zake. Umri wa klabu aliuhesabu tangu 1936. Vipigo alianza kuvihesabu 1971. Ukimkumbusha kwamba 1968 Yanga walitupiga tano bila, anakujibu bila kupepesa jicho: "Hiyo ilikuwa Sunderland. Simba ilikuwa haijapewa hata jina." Ushindi mnono ndio aliouandika, kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, akaikunja ikawa kabari ya kubana betri zisicheze.

Alipofariki, wajomba waligawana shamba, mimi nikaomba redio. Hakuna aliyebisha. Na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kukanyaga Uwanja wa Taifa, nikaona Oktoba hiyo nimpeleke.

"Mama, hiki nini?" akauliza bwana wa mlangoni.

"Redio."

"Ya nini, na mpira si unakwenda kuuona?"

"Ya marehemu babu yangu."

Mkono wake ulirudi nyuma kama umegusa chungu cha moto. Akaita mwenzake. Wakashauriana juu ya redio, wakaisukuma kwa ncha ya kirungu, kisha nikaamriwa niifungue mwenyewe. Nikabandua kifuniko cha nyuma, na hapo nikajua babu kaniweza. Waya wa shaba. Uzi mwekundu, ambao mzee aliufunga kuzuia mshale usihame stesheni. Mayai ya mende, makavu, ya enzi na enzi. Na ile karatasi, imekunjwa ndogo, imechakaa, hirizi mtupu.

"Isome kwa sauti."

Nikasoma. "Kumi na tisa, mwezi wa saba, sabini na saba: sita bila. Sita, mwezi wa tano, elfu mbili kumi na mbili: tano bila."

"Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Anataja namba."

Nikawekwa kwenye benchi. Betri zikatolewa, zikapangwa chini mbali na redio, kama mahabusu wasioruhusiwa kuongea. Mpira ukaanza. Bao la kwanza nililijua kwa jinsi yule bwana alivyoruka: alikuwa Yanga, tena wa damu. Ngassa. Furaha ikamlainisha, akanipa maji ya kunywa. Kiiza alipofunga la pili akaniuliza babu aliugua nini, akanipa pole. Kiiza huyo huyo alipoongeza la tatu, karibu na mapumziko, akaifunga kanga kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, ingia tu. Hata kama ni dawa, imeshachelewa."

Betri kazisahau, nami sikukumbuka kumdai. Nikaingia na redio bubu, nikakaa kati ya wekundu wenzangu, kimya kama matangani. Kipindi cha pili kilipoanza nikajikuta nimeunyanyua ule waya. Najua, redio haina betri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mombeki akafunga.

Kijana wa mbele akageuka, akanitazama mimi, akautazama waya, hakusema kitu. Owino akafunga. Sasa safu nzima iligeuka. Mama mmoja nisiyemjua akanishika kiwiko kwa chini, kunisaidia uzito. Bega linaungua, jasho linaingia machoni, nikataka kujifuta. Watu kumi wakapiga kelele kwa pamoja: "Usishushe!"

Nikaganda. Miaka mingapi sijaambiwa vile.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Kaze akasawazisha. Tatu kwa tatu! Nilikumbatiwa na watu wasiopungua ishirini, redio ikabusiwa, na mzee mmoja mwenye kofia akaninong'oneza kwamba mechi ijayo niwahi, nisingoje kipindi cha pili.

Nilipotoka nikapitia betri zangu. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye benchi langu, kofia kaishika mkononi. Hakunisalimu. Alizisukuma kwa kirungu, moja baada ya nyingine, hadi miguuni pangu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua mimi! Ningekushikilia mpaka filimbi ya mwisho."