Fidia ya opioidi: nani atangulie kulipwa?

Kaunti ya Greene, jimboni Tennessee, Marekani, ilipopata mgawo wake wa fidia ya opioidi, dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu, zaidi ya dola milioni 2.7, ilichukua milioni 2.4 ikapunguza deni lake. Katika kilichookolewa kwenye malipo ya deni, dola 50,000 zikapangiwa pikapu ya kuwabeba wafungwa wanaookota taka barabarani.

Fedha hizo zinatoka kwa waliotengeneza na kusambaza vidonge vya maumivu vilivyowatia watu kwenye uraibu. Mwaka 2022 Johnson & Johnson na wasambazaji watatu wakubwa walikamilisha makubaliano ya dola bilioni 26. Wasambazaji wanalipa kidogo kidogo kwa miaka 18.

Wanaoitetea Greene wana hoja, tena nzito. Kaunti ilishagharamika: jela zilifurika, ambulensi hazikupumzika, watoto wakaishia kulelewa na serikali. Bili hizo alizibeba mlipa kodi. Mkosaji amelipa, kwa nini fedha zisirudi zilikotoka?

Naielewa hoja hiyo, ila siikubali. Deni la kaunti lina kodi ya kulilipa mwaka hadi mwaka. Aliyeamka leo na arosto, mateso ya mraibu aliyekosa dawa, anatetemeka na hana bima, fungu lake ni hili. Boksi la naloksoni ya kupuliza puani, dozi mbili za kumrudishia pumzi aliyezidisha opioidi, lilipoanza kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2023 lilikuwa kama dola 45. Milioni 2.4 zingenunua maboksi zaidi ya 50,000, katika kaunti ya watu wapatao 70,000. Sisemi zote zingeenda huko, lakini tujue kilichoachwa kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Marekani ilishaumwa na nyoka huyu. Fidia ya tumbaku ya mwaka 1998, kutoka kampuni za sigara, iliishia kwa sehemu kubwa kuziba mapengo ya bajeti za majimbo. Ndiyo maana safari hii makubaliano ya kitaifa yanataka angalau asilimia 85 itumike kupunguza madhara ya opioidi. Shida ni kwamba kinacholazimishwa kuripotiwa ni matumizi yaliyo nje ya lengo hilo tu, na anayeripoti ni mtumiaji mwenyewe.

North Carolina imekwenda mbele zaidi: mipango na matumizi ya kaunti zake huwekwa hadharani. Wapo wanaosema kaunti ndogo yenye karani mmoja haiumudu mzigo huo. Basi na aajiriwe karani wa pili, hata kwa fedha hizi hizi. Mama aliyemzika mwanawe asilazimike kumbembeleza ofisa ili aambiwe dola zile zimenunua nini.