Ratiba au Watu: Msimamizi wa Mradi Pemba Aanze na Lipi?

Kijana anayekabidhiwa ujenzi wa madarasa mawili ya skuli huko Micheweni hupewa mashauri mawili yanayopingana. Wako wanaomwambia ajifunze kwanza ratiba, bajeti na mipaka ya kazi. Wengine humwambia karatasi haijengi, ajue kwanza kuishi na watu. Kila upande una hoja. Hata PMI, taasisi ya Marekani inayotoa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, ilizigawa: katika mpangilio wa mtihani ulioanza Januari 2021, watu walipewa asilimia 42 ya maswali, taratibu za kazi 50, na mazingira ya biashara 8.

Wanaotanguliza misingi hiyo ya ratiba, bajeti na mipaka wana haki kwa jambo moja kubwa: upole hauongezi saruji. Msimamizi asiyejua mipaka ya mradi hukubali kila ombi. Wazee wanataka stoo, mwalimu mkuu anataka baraza ipanuliwe, yeye anajibu "hamna tabu", na fedha zinakwisha kuta zikiwa kwenye linta. Asiyejua kupanga manunuzi huleta saruji yote kwa mkupuo ili aokoe nauli ya chombo, kisha huilaza juu ya sakafu. Kwa unyevu wa pwani, mifuko ya chini hugeuka mawe kabla haijafikiwa. Ilitakiwa iagizwe kwa awamu, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Vivyo hivyo, zege la mkanda wa juu humwagiliwa maji si chini ya siku 7 ili lisipasuke. Siku hizo ndizo za kufikisha mbao na mabati. Yakichelewa, mafundi wa paa hukaa bure, na tarehe ya mwisho husogea siku kwa siku.

Kukadiria muda nako kuna hesabu yake. Tuseme mabati kutoka Unguja hufika kwa siku 4 mambo yakinyooka, 7 kwa kawaida, 16 bahari ikichafuka. Zidisha ile ya kawaida kwa 4, jumlisha na hizo nyingine mbili, gawa kwa 6. Jibu ni siku 8. Hilo hufundishika asubuhi moja.

Lakini nambari zenyewe zimetoka wapi? Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Zinatoka kwa muuza mabati, kwa wakala wa chombo na kwa fundi, na mtu hamwelezi matatizo yake asiyemwamini. Ukimuuliza fundi mbele ya kamati, "Utamaliza Jumatano?" atajibu "Inshaallah", nawe utaandika Jumatano. Hakukudanganya. Swali lako ndilo halikumwachia njia ya kusema hapana bila ya kuvunja heshima. Muulize faragha: "Kitu gani kinaweza kukuzuia kabla ya Jumatano?" Huenda akakwambia kuwa vibarua wake wawili wanakwenda kuchuma karafuu.

Tena ratiba isiyowajua watu huharibika hata pasipo ugomvi. Kikao kikiwekwa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa ambayo maji yametoka, wanawake wa mwani wako pwani. Wanaume watakaa peke yao na kuamua choo cha wasichana kijengwe wapi, na uamuzi huo utafunguliwa upya msingi ukishachimbwa. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana hainakiliwi.

Kwa maoni yetu misingi itangulie, lakini kwa wiki mbili tu. Kosa la wanaotetea watu ni kuifanya stadi ya kuishi na watu karama ya kuzaliwa nayo, ilhali ina hatua. Kabla ya mkutano wa hadhara, mwone sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kisha wale ambao kazi itawagusa, mmoja mmoja, na andika kila pingamizi. Mkutanoni kila azimio litoke na jina la mtu mmoja na tarehe. "Tutalishughulikia" si azimio. Kamati ya watu 12 ina jozi 66 za watu wanaoweza kuelewana vibaya, ya watu 5 ina 10 tu. Basi 12 washauriwe, 5 waendeshe kazi ya kila siku. Na ukuta ukipinda, mwite fundi pembeni, muupime pamoja kwa timazi. Ukimkosoa mbele ya vibarua wake, kosa linalofuata litafichwa chini ya plasta.

Zoezi la kumpima mwanafunzi ni moja. Mpe kazi tatu, aende akazikusanyie nambari zake tatu, ya mambo yakinyooka, ya kawaida na ya yakiharibika, kutoka kwa wanaozifanya, kisha aeleze aliuliza vipi. Akirudi na 5, 5 na 5, mrudishe kwa fundi yuleyule.