Kioo Kinachong'aa Gizani: Moto Unatajwa, Maji Yanasahaulika

Kuna wazo la kutia ndani ya kioo unga unaohifadhi mwanga na kung'aa gizani, na wanaolipinga wana hoja nzito: moto. Kioo cha dirisha huyeyushwa kwenye nyuzi 1,400 hadi 1,500 za Selsiasi. Unga wenyewe, yaani kemikali ya strontiamu aluminati yenye madini ya europiamu na disprosiamu, iliyovumbuliwa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993, haustahimili uji huo wa kioo kilichoyeyuka. Chembe huliwa, europiamu hugeuka hali yake ya kikemia, na mng'ao hufa. Si afadhali kupaka rangi tu?

Rangi ina adui wake, nayo ni maji. Unga huu ukilowa huvunjikavunjika. Mwaka 2014, karibu na Oss huko Uholanzi, mistari ya barabara ya N329 ilichorwa kwa rangi inayong'aa, ikasifiwa dunia nzima. Haukupita muda, unyevu ukaufifisha mwanga wake. Chembe iliyofungwa ndani ya kioo haiguswi na mvua.

Na moto una dawa. Watafiti wa Tampere, Finland, huyeyusha kioo cha fosfeti, aina inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko kioo cha dirisha, hukipunguza joto, ndipo hutia chembe, hukoroga na kumimina upesi. Njia nyingine ni kusaga kioo chepesi kuyeyuka, kukichanganya na unga huo, kisha kukichoma kiasi cha kushikana tu.

Nakiri kwamba kioo cha fosfeti mara nyingi chenyewe ni dhaifu mbele ya maji, kwa hiyo kuchagua aina ya kioo ni nusu ya kazi. Chembe pia hukitia kioo ukungu, na mng'ao hushuka kwa kasi dakika za mwanzo.

Lakini kushuka si kuzimika. Unga huu hutoa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 520, na jicho lililozoea giza huona vyema zaidi mwanga wa karibu nanomita 507. Yaani kadiri mwanga unavyofifia, jicho nalo linazidi kuunasa. Anayeshuka ngazi umeme umekatika hahitaji taa ya kusomea; anatafuta ukingo asije akaanguka. New York ililielewa hilo: sheria yake ya mwaka 2004 ililazimisha alama zinazong'aa kwenye ngazi za maofisi marefu.

Ngazi hizohizo hupigwa deki, zikasuguliwa kwa sabuni na kukanyagwa na maelfu ya viatu. Mimi ningeanzia hapo: ukanda mwembamba wa kioo kwenye ukingo wa kila kidato, kabla ya kuwaza dirisha au barabara nzima.