Wakombozi Walipofunga Virago: Mapema kwa Arua, Kuchelewa kwa Kampala

Waganda waliwaita Bakombozi. Neno lilikuwa la Kiswahili, wakalivika kiambishi chao, na mpaka leo mzee wa Kampala akilitamka unajua anazungumzia akina nani: askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, walioingia mjini tarehe 11 Aprili 1979 na kumfurusha Idi Amin. Walikaa miaka miwili, wakaondoka 1981. Kila mjadala wa historia ukiwashwa hapa Uganda, swali hurudi palepale: waliondoka mapema mno, au walichelewa kuondoka?

Kwanza tukumbuke waliingia nyumba ya namna gani. Siasa zetu zilizaliwa kanisani. Chama cha DP watu walikibatiza "Dini ya Papa" kwa kuwa kilijaa Wakatoliki. UPC ya Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, kilikuwa cha Waprotestanti, na utani wake haukukosekana. Amin naye aliiingiza nchi katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974, ingawa Waislamu walikuwa wachache. Alipoanguka, walioshiba naye na walioteseka chini yake wote waliwekwa kapu moja, bora tu wawe Waislamu. Juni 1979, huko Bushenyi, Waislamu kwa makumi waliuawa na majirani zao, Wakombozi wakiwa wamo nchini. Wapo wanaosema vita vile vilikuwa vya Nyerere Mkatoliki dhidi ya Uislamu. Mimi hoja hiyo hainiingii: mkuu wa majeshi ya Tanzania wakati huo alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo.

Wanaosema walichelewa wana ushahidi mzito. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni mwenye bunduki nani atamkabidhi jembe? Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alitawala siku 68 tu. Alipoondolewa Juni 1979, watu wa Kampala waliandamana, na waliowatawanya walikuwa askari wa Tanzania. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite-Ojok. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamng'oa yeye, na Wakombozi hawakuinua mkono. Ukawatuma kuzima maandamano ya raia, kisha wanajeshi wanapompindua rais wakasema hayo ni mambo ya Waganda? Mwezi huohuo Obote akarejea kutoka uhamishoni Tanzania. Desemba 1980 tukapiga kura; Muwanga akajitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, UPC ikatangazwa mshindi, DP ya Paul Ssemogerere ikalia wizi. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni akashambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza.

Nyerere hakuwa na haja ya kupanga njama yoyote ili rafiki yake Obote afaidike. Kuwepo kwa jeshi lake kulitosha. Kila mwanasiasa wa Kampala alijifunza kutazama Dar es Salaam kabla ya kumtazama mpiga kura.

Hoja ya fedha haihitaji maneno mengi. Kwa gharama za vita, Watanzania waliambiwa wafunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita bila mikanda kulegezwa. Kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mjini Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimkosoa Mwalimu waziwazi kwa kuingia Uganda. Alikuwa na kila sababu ya kuwarudisha vijana wake.

Ila panda basi uende Arua, mji mkuu wa West Nile, uulize swali lilelile.

West Nile ndiko Amin alikotoka. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lilijaa Waacholi na Walango, watu ambao Amin aliwachinjia ndugu zao kambini tangu 1971. Kisasi kilikuwa mkononi, kilikosa nafasi tu. Watanzania walipofika Arua mwaka 1979 hawakukuta vita, na nidhamu yao huko husifiwa kuliko ile ya Kampala, walikolalamikiwa kwa kuwavua watu saa mkononi. Oktoba 1980 masalia ya jeshi la Amin walivuka mpaka wakashambulia. UNLA ikajibu kwa kuwamaliza raia, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Watanzania walikuwa breki iliyobaki. Mwaka 1981 breki ikaondolewa. Tarehe 24 Juni, watu waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walifuatwa humohumo na askari wa UNLA wakauawa. Wakatoliki na Waislamu walikuwa wamekimbilia ua mmoja.

Kwa hiyo jeshi moja lilichelewa Kampala na likawahi mno kuondoka Arua. Anayetaka jibu moja la nchi nzima atakosea nusu ya nchi. Kosa la Tanzania naliona hapa: iliacha askari wake wawe kivuli cha ikulu, mahali ambapo raia hakufaidika nao, kisha ikawaondoa hata pale ambapo kivuli hicho kilikuwa paa la mtu. Ingewezekana kuondoka Kampala mwaka 1979 na kubaki West Nile? Kijeshi, pengine. Kisiasa, nani Kampala angekubali wageni wawalinde watu wa Amin?

Wala tusimnyooshee Mwalimu kidole kirefu sana. Mei 2003 jeshi letu, UPDF, liliondoka Bunia, kule Ituri, mashariki mwa Kongo, baada ya miaka ya kuwapa silaha Wahema na Walendu kwa zamu. Siku hizohizo wanamgambo wakaugawana mji kwa mapanga na risasi, hadi Wafaransa walipofika mwezi uliofuata.