Mkataba wa umma ukivunjika, kesi isikilizwe wapi?

Mei 2005 serikali ya Tanzania ilivunja mkataba wa City Water, kampuni iliyokabidhiwa huduma ya maji Dar es Salaam mwaka 2003. Mwanzoni mwa Juni mameneja wake wa kigeni wakaondolewa nchini. Wanahisa wakuu, Biwater Gauff, hawakwenda Mahakama Kuu. Walipeleka madai yao ICSID mjini Washington, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, wakitumia mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilitia saini mwaka 1994. Julai 2008 wasuluhishi walitoa uamuzi uliowashangaza wengi: Tanzania ilikiuka mkataba huo wa 1994, lakini haikutakiwa kulipa fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani yake kabla ya serikali kuichukua.

Naianza na kesi hii kwa sababu mjadala wetu kuhusu mahakama na usuluhishi, yaani kumpa mtu aliyechaguliwa na wahusika auamue ugomvi nje ya mahakama, umejaa hasira kuliko hoja. Wapo wanaoamini kila baraza la ng'ambo limeundwa ili tushindwe. Hapa serikali ilikutwa na makosa na bado haikulipa fidia hata senti.

Hoja ya wanaopendelea usuluhishi ni nzito. Wahusika huchagua watu wanaoijua kazi inayobishaniwa. Ugomvi wa mkandarasi na mwenye jengo kuhusu zege lililopasuka unaweza kusikilizwa na mhandisi, na ndiyo maana sekta ya ujenzi nchini imeuzoea utaratibu huu kupitia Baraza la Taifa la Ujenzi. Kisha kuna ukomo. Tuzo ya msuluhishi, yaani uamuzi wake wa mwisho, haina ngazi za rufaa kama hukumu. Anayeipinga mahakamani lazima aonyeshe kasoro kubwa, kama vile msuluhishi kukosa mamlaka au kuvuruga taratibu. Mahakamani, shauri laweza kupitia mapingamizi ya awali, maahirisho, rufaa na marejeo. Mawakili wanakumbuka enzi ambapo rufaa ilitupwa kwa sababu tu tarehe iliyo kwenye amri ya mahakama haikulingana na ile ya hukumu. Mteja alianza upya kwa kosa la karani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliwataka majaji watangulize haki mbele ya vikwazo vya kiufundi, lakini kumbukumbu ya mahangaiko hayo haijafutika.

Tena tuzo husafiri. Kwa Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, tuzo iliyotolewa nchi moja hutekelezwa katika nchi nyingine nyingi. Tuliliona hilo mwaka 2017, ndege mpya ya serikali aina ya Bombardier iliposhikiliwa Canada na mdai mwenye tuzo ya usuluhishi aliyetaka dola milioni 38 zilizotokana na mkataba wa barabara. Mwenye hukumu ya mahakama ya kwetu angepata shida sana kufanya vivyo hivyo.

Lakini mahakama ina jambo moja ambalo usuluhishi hauna: mlango wake uko wazi. Mwananchi anaweza kuketi akasikiliza, na hukumu inachapishwa kwenye tovuti ya TanzLII ambako mtu yeyote anaisoma bure. Sababu za jaji zinabaki, na kesi ijayo inazitumia. Usuluhishi kwa kawaida hufanyika faraghani, na wahusika ndio wanaowalipa wasuluhishi na gharama za ukumbi. Mfanyabiashara mdogo anayesaini mkataba uliochapwa na kampuni kubwa, wenye kifungu cha usuluhishi kwenye ukurasa wa mwisho, mara nyingi anasalimisha haki yake bila kujua. Akikimbilia mahakamani, mwenzake ataomba shauri lisimamishwe, na ataelekezwa kwa msuluhishi ambaye gharama zake yeye hazimudu.

Kwa wafanyabiashara wawili wanaolingana nguvu, sioni ubaya: fedha ni zao na siri ni yao. Mkataba wa maji, umeme au madini ni habari nyingine. Mwaka 2010 wasuluhishi wa ICC, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara chenye makao Paris, waliiamuru TANESCO iilipe kampuni ya kufua umeme ya Dowans fedha zilizotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 94. Mlipaji wa mwisho alikuwa mteja wa umeme, na hakuna aliyemwalika kusikiliza.

Bunge lilijibu mwaka 2017 kwa sheria ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, inayotaka migogoro ya aina hiyo iamuliwe na vyombo vya Tanzania. Naelewa uchungu ulioizaa, ila nadhani dawa ilipakwa pasipouma. Sheria ya nchi haiwezi peke yake kufuta ahadi iliyomo kwenye mkataba wa kimataifa. Wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, walipopoteza leseni baada ya mabadiliko yaliyoanza mwaka huohuo, walikwenda ICSID kwa mkataba uleule wa 1994. Julai 2023 walipewa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kuwalipa milioni 90.

Halafu kuhamisha kikao kutoka Paris au Washington hadi Dar es Salaam hakukifungui. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 imeanzisha kituo chetu wenyewe, hatua njema kwa gharama na kwa mawakili wetu. Hata hivyo chumba kilichofungwa Dar es Salaam kinamficha mwananchi mambo yaleyale. Katika kesi ya City Water, Februari 2007 wasuluhishi waliruhusu mashirika ya kiraia, miongoni mwao LHRC, LEAT na TGNP, kuwasilisha hoja za maandishi kuhusu haki ya maji. Ruhusa hiyo ilitolewa Washington. Kituo chetu kikishika mgogoro wowote wa fedha za umma, kianze hapo: hoja za wananchi zipokewe, vikao viwe wazi na tuzo ichapishwe yote, hata kama serikali imeshindwa.